SOMO LA AFYA: MWILI UNAVYOFANYA KAZI TUNAPOCHEZA NA KUFANYA MAZOEZI

  

 

Mwaka huu tumechagua somo ambalo wengi hawakulitarajia katika gazeti la madrasa. Tutazungumza juu ya mwili na namna unavyokwenda tunapokimbia, tunapopiga mpira na tunapobeba mizigo. Iko sababu iliyotusukuma, nayo ni tukio lililotokea hapa hapa Kidahwe, mbele ya macho yetu.

KISA CHA UWANJANI

Siku moja baada ya Idd vijana wetu walicheza mchezo wa kirafiki na vijana wa kijiji jirani. Mwanafunzi wetu mmoja, ambaye jina lake hatulitaji, alikuwa amekaa mkekani tangu asubuhi akisikiliza mawaidha. Alipoitwa aliinuka, akavua kanzu, akafunga kamba za viatu na kuingia uwanjani moja kwa moja. Hazikupita dakika tano, alipewa pasi ndefu pembeni akaanza kuifukuza kwa kasi yake yote. Ghafla akasimama, akashika nyuma ya paja na kuanguka chini.

Maneno yakaanza kabla hajatolewa nje. Huyu anasema wapinzani wamefukia kitu golini. Yule anasema kijana ametupiwa jicho kwa sababu ana mbio. Jioni tukasikia kuwa amepelekwa kwa mganga, na kesho yake tukamwona amefungwa uzi mweusi pajani. Mguu ulikuwa umevimba, kwa sababu usiku ule ulikandwa kwa maji ya moto na kuvutwa kwa nguvu. Zilipita siku nne ndipo alipofikishwa zahanati.

Ndugu zangu, hapa yamepotea mambo mawili. Imepotea afya ya kijana kwa siku nne, na umeguswa msingi wa imani yetu, maana Mtume (S.A.W.) amekataza kutundika hirizi na kuzitegemea. Mtu asiyejua mwili wake unafanyaje kazi ni rahisi kuamini kila analoambiwa juu ya mwili huo. Kwa hiyo tumeona tusiishie kukemea tu. Tufundishe, ili siku nyingine kijana akishika paja, walio karibu naye wajue ni nini kimetokea ndani ya paja lile.

VIUNGO: MAHALI MWILI UNAPOKUNJIKA

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametujulisha katika Surat At-Tin kwamba amemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Tutazame umbo hilo kwa makini.

Mtu mzima ana mifupa 206. Mfupa wenyewe haukunjiki, kwa hiyo mwendo wote wa mwili unafanyika pale mfupa unapokutana na mwenzake, yaani kwenye kiungo. Ncha za mifupa zimefunikwa kwa gegedu, ambalo ni laini na linateleza, na kati yake upo ute unaofanya kazi kama mafuta kwenye bawaba. Mfupa na mfupa vimeunganishwa kwa nyuzi imara ziitwazo ligamenti. Msuli na mfupa vimeunganishwa kwa kano.

Viungo havifanani. Goti na kiwiko vinafanya kazi kama bawaba ya mlango: hukunja na kukunjua, na hugeuka pembeni kidogo sana. Nyonga na bega ni mfupa wenye kichwa cha mviringo uliokaa ndani ya kikombe, kwa hiyo mkono na paja huzunguka kila upande. Bega lina kikombe kifupi, ndiyo maana huzunguka sana na pia huchomoka kwa urahisi. Nyonga ina kikombe kirefu, hivyo hupoteza uhuru kidogo na kupata uimara, maana ndiyo inayobeba kiwiliwili chote.

Mwanafunzi anayetaka kuvijua viungo vyake hahitaji kitabu cha picha. Anaposali, viungo vyote vikubwa vinapita mbele yake. Katika takbira ya kuhirimia mabega yanainua mikono. Katika rukuu nyonga inakunjika na mgongo unanyooka. Katika sijida, Mtume (S.A.W.) ametufundisha tusujudu kwa viungo saba: paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili na ncha za nyayo mbili. Swala za faradhi ni rakaa 17 kwa siku, na kila rakaa ina sijida mbili, hivyo tunashuka na kuinuka mara 34 bila kuhesabu sunna. Tusije tukaeleweka vibaya: hatusali kwa ajili ya mazoezi, tunasali kwa ajili ya Allah. Lakini anayesali kwa utulivu, bila kudonoa kama kuku, anaona pia namna alivyoumbwa.

MISULI: HUVUTA TU, HAISUKUMI

Mwili una misuli zaidi ya 600. Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: msuli unajua kuvuta tu. Hakuna msuli unaosukuma. Kwa sababu hiyo misuli imewekwa kwa jozi, mmoja upande huu na mwenzake upande wa pili.

Shika mkono wako wa juu kwa mbele, kisha kunja kiwiko. Utaona msuli wa mbele unavimba na kukaza. Sasa nyoosha mkono ukisukuma ukuta. Msuli wa mbele unalegea, na ule wa nyuma ndio unaokaza. Vivyo hivyo kwenye paja: misuli minne ya mbele hunyoosha goti, na misuli ya nyuma hulikunja. Ni kama watu wawili wanaokata gogo kwa msumeno mrefu. Mmoja akivuta mwenzake anamwachia, kisha zamu inabadilika. Wakivuta wote wawili kwa pamoja msumeno hauendi.

Ila liko jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Wakati mwingine msuli hufanya kazi huku unarefushwa. Hapo kazi yake ni breki. Mtu anayeteremka mlima akiwa amebeba mkungu wa chikichi kichwani anafikiri anapumzika kwa sababu anashuka. La. Misuli ya mbele ya paja inazuia kila hatua asije akaporomoka, ndiyo maana kesho yake huumwa mapaja kuliko aliyepanda. Tulishike neno hili la breki, tutalirudia.

NYENZO NDANI YA MWILI

Katika somo la sayansi shuleni mmefundishwa nyenzo: egemeo, mzigo na jitihada. Daraja zote tatu zimo mwilini mwetu.

Daraja la kwanza, egemeo likiwa katikati. Hiki ni kichwa. Egemeo liko juu ya uti wa mgongo, uzito wa uso unaelemea mbele, na misuli ya shingo inavuta kwa nyuma. Anayesinzia darasani kichwa kinaanguka mbele kwa sababu misuli ya nyuma imeachia kazi.

Daraja la pili, mzigo ukiwa katikati, kama toroli. Simama kwa vidole vya miguu. Egemeo ni mbele ya unyayo, mzigo ni mwili wako wote, na jitihada inatoka kwenye shavu la mguu kupitia kano nene ya kisigino.

Daraja la tatu, jitihada ikiwa katikati. Huu ni mkono wa mbele, na ndio mtindo uliotumika zaidi mwilini. Tufanye hesabu. Tuseme msuli wa mbele wa mkono umeshika mfupa sentimita 5 kutoka kwenye kiwiko, na kiganja kiko sentimita 35 kutoka kwenye kiwiko. Ukishika dumu la lita 10 la maji huku umekunja kiwiko sawasawa, dumu lina uzito wa kilo 10. Gawa 35 kwa 5 upate 7. Basi msuli unavuta kwa nguvu ya kubeba kilo 70, na hapo hatujahesabu uzito wa mkono wenyewe.

Mtu atauliza, mbona hii ni hasara? Jibu ni kwamba tunachotoa kwa nguvu tunakipata kwa mwendo. Msuli ukijikunja sentimita 1, kiganja kinakwenda sentimita 7 kwa muda ule ule. Kwa njia hiyo mkono hurusha jiwe mbali na mguu hupiga mpira kwa kasi, ingawa misuli yenyewe inajikunja kidogo tu. Mtaalamu wa Italia aitwaye Giovanni Borelli alilieleza jambo hili katika karne ya 17. Na kabla yake kwa miaka mia sita, mwanachuoni wetu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka mlango mzima wa mazoezi ya mwili katika kitabu chake cha Qanun. Elimu hii basi si ngeni kwa Waislamu.

Hesabu hiyo hiyo inatufundisha namna ya kubeba. Mzigo ukiwa mbali na mwili, misuli ya mgongo hulipa mara nyingi zaidi. Unapoinua ndoo au gunia la mkaa, karibia mzigo, kunja magoti, uweke karibu na kifua, kisha inuka kwa mapaja. Usiiname kwa kiuno miguu ikiwa imenyooka. Mama zetu wanaobeba ndoo kichwani hawakusoma fizikia, lakini wameuweka mzigo juu kabisa ya uti wa mgongo, mahali ambapo hauwavuti mbele wala nyuma.

NGUVU INAANZIA ARDHINI

Tulipomuuliza kijana mmoja mpira unapigwa na nini, akajibu, "Na mguu." Jibu hilo ni nusu.

Isaac Newton aliandika mwaka 1687 kwamba kila kani ina kani iliyo sawa nayo inayoirudia kutoka upande wa pili. Ukiisukuma ardhi nyuma na chini, ardhi inakusukuma mbele na juu. Hivyo ndivyo tunavyotembea. Kwenye tope la masika tunateleza kwa sababu ardhi haituzuii vya kutosha, kwa hiyo haiwezi kutusukuma vya kutosha.

Sasa mtazame mpigaji mzuri. Kwanza anakanyaga mguu wa kuegemea kando ya mpira. Kutoka hapo nguvu inapanda kwenye nyonga, nyonga inageuka, paja linakuja mbele, na paja linapopunguza mwendo, sehemu ya chini ya goti inachomoka kwa kasi. Mkono wa upande wa pili unarushwa ili mwili usipoteze mizani. Ni kama mvuvi wa Ujiji anaporusha nyavu: nguvu inaanzia miguuni, inapita kiunoni na begani, vidole ni vya mwisho. Kiungo kimoja kikiwa kibovu, wenzake wote wanabeba deni lake. Hapa tunakumbuka mfano aliotupigia Mtume (S.A.W.) wa waumini kuwa kama mwili mmoja, kiungo kikiumwa mwili wote hukesha. Anayechechemea kifundo cha mguu leo, kesho atalalamika goti na keshokutwa kiuno.

Jirani zetu sokwe wa Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, wanatufundisha jambo hapa. Sokwe akitembea kwa miguu miwili anayumba huku na huku, kisha anarudi kwenye miguu na vifundo vya vidole vya mikono. Misuli ya pembeni ya nyonga yake haikukaa kwa namna ya kushikilia kiuno pale mguu mmoja unapoinuliwa. Yetu imekaa hivyo. Simama kwa mguu mmoja, weka kiganja pembeni ya nyonga ya mguu uliosimamia, utausikia msuli huo umekaza. Kila hatua tunayopiga inautegemea.

Katika kukimbia, miguu yote miwili huwa hewani kwa muda mfupi, na kila mguu ukitua ardhi huurudishia kani ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 50 hupokea kilo 100 hadi 150 kwa kila hatua. Kano ya kisigino huvutika kama mpira wa manati, ikahifadhi sehemu ya nguvu hiyo na kuirudisha katika hatua inayofuata. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo, na rekodi yake ya dunia ilidumu hadi mwaka 1979. Hiyo ni zaidi ya mita 7 kwa kila sekunde. Tukikadiria hatua moja kuwa mita 2, alitua chini mara 750, na kila mara mwili ukapokea mshindo na kuugeuza kuwa mwendo. Mwili usioandaliwa hauwezi kazi hiyo.

NI NINI KILIMPATA MWENZETU

Sasa turudi kwenye paja la kijana wetu.

Misuli ya nyuma ya paja ina kazi ngumu kwa sababu inapita juu ya viungo viwili, nyonga na goti. Mtu anapokimbia kwa kasi, paja linakuja mbele na goti linanyooka kabla ya mguu kukanyaga. Wakati huo misuli ya nyuma inavutwa kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja, na hapo hapo inatakiwa ifunge breki ili mguu usitupwe mbele kupita kiasi. Wataalamu wa michezo wanajua kwamba ni katika nukta hii, kabla unyayo haujagusa chini, ndipo nyuzi za msuli huo huchanika mara nyingi.

Mwenzetu alikuwa amekaa kwa saa kadhaa. Misuli yake ilikuwa baridi, damu haijakwenda kwa wingi, na aliitaka kasi yake yote kwa mara ya kwanza. Nyuzi zikachanika, damu ikavuja ndani, paja likauma na kuvimba. Maji ya moto na kuvuta vikaongeza kuvuja. Hakuna kilichofukiwa golini. Kilichokosekana ni dakika 20 za kupasha mwili moto.

Wengine husema, yote ni qadar. Ni kweli, na sisi tunaamini qadar. Lakini Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Allah. Kupasha mwili moto ndiyo kumfunga ngamia.

SUBIRA NA UKAIDI

Vijana wengi wamesikia habari za Mtanzania John Stephen Akhwari. Katika mbio za marathoni za Olimpiki za Mexico City, Oktoba 1968, aliumia goti baada ya kuanguka njiani. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Aliendelea akiwa amefungwa bandeji, akamaliza wa mwisho katika 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Dunia inamheshimu mpaka leo kwa subira hiyo, na sisi tunaiheshimu.

Lakini msitumie kisa hicho vibaya. Yule alikuwa mtu mzima katika siku moja ya maisha yake, akiiwakilisha nchi. Wewe una miaka 14 na unacheza mchezo wa kirafiki. Ukiendelea kukimbia na goti lililoteguka, huo si ushujaa. Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

MAMBO YA KUFUATA

1. Kabla ya kucheza, pasha mwili moto kwa dakika 15 hadi 20. Anza kutembea haraka, kisha kimbia polepole, zungusha nyonga na mabega, chuchumaa na kuinuka, ruka kidogo, na mwisho kimbia mara chache ukiongeza kasi hatua kwa hatua. Programu ya FIFA 11+ inayotumika duniani ina mazoezi 15 ya namna hii, na timu zinazoyafuata mara kwa mara zimepunguza majeruhi kwa kiasi kikubwa.

2. Jenga msuli wa breki. Piga magoti juu ya mkeka, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha shuka mbele polepole mwili ukiwa umenyooka, na upokee ardhi kwa mikono. Anza na mara tatu tu.

3. Unaporuka na kutua, kunja magoti na yaelekee mbele, yasiingie ndani.

4. Ukiumia, toka uwanjani. Pumzisha mguu, weka kitambaa chenye barafu au maji ya baridi kwa dakika 15 hadi 20, funga bandeji isiyobana sana, inua mguu juu ya mto. Kwa siku mbili tatu za mwanzo usikande kwa moto wala usivute.

5. Ukishindwa kukanyaga, au kiungo kimepinda, au uvimbe ni mkubwa, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kutafuta tiba.

6. Rudi uwanjani polepole. Msuli uliochanika mara moja huchanika tena kwa urahisi kwa mwenye haraka.

7. Mabinti nao wana mifupa na misuli. Wapewe mahali pao na wakati wao, kwa stara, wafanye mazoezi. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), safari moja Bi Aisha akamshinda, na safari nyingine Mtume akamshinda.

8. Mchezo usile wakati wa swala wala wa masomo. Adhana ikitolewa, mpira usimame.

HITIMISHO

Kijana wetu alipumzika, akafuata maelekezo ya mganga wa zahanati, na ilichukua wiki kadhaa kabla hajakimbia tena. Uzi ule mweusi aliukata mwenyewe kwa mkono wake baada ya darsa la tawhid. Siku hizi ndiye anayewaongoza wenzake kupasha mwili moto kila jioni baada ya swala ya alasiri, na anayechelewa haruhusiwi kucheza, hata awe mfungaji bora.

Wazazi, tunawaomba msiwakataze watoto michezo kwa kuogopa majeraha, na msiwaachie wacheze bila maarifa. Tunamuomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa na miili yenye kumtii. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini misuli imewekwa kwa jozi?
2. Msuli umeshika sentimita 4 kutoka kwenye kiwiko, na mzigo wa kilo 3 uko sentimita 32 kutoka kwenye kiwiko. Msuli unavuta kwa nguvu ya kilo ngapi?
3. Taja viungo saba vya sijida.
4. Mwenzako ameshika nyuma ya paja na kuanguka. Eleza utakayoyafanya, na utakayoyakataa.

Wabillahi Tawfiq.